Kumi Zimebaki

Ufunguo uliingia kama kawaida
ila mlango ukanijibu kwa sauti ngeni:
"Nani?"
Mimi, nikasema. Oresta. Wa chumba cha nyuma.
Nikasimama kizingitini na mzigo wangu wa Songea,
mchele kilo nane, usipa wa Mbamba Bay
waliofungwa mara tatu na bado wananitangaza.

Zipora amehama. Alinipigia nikiwa Makambako,
mtandao ukamkata katikati ya "samahani".
Ameacha msumari alipotundika kioo chake
na duara jeusi sakafuni palipokaa jiko.
Mahali pake wapo wawili:
Nkatha wa Meru, anayezima taa hata za wenzake,
na Lemlem wa Asmara, anayekaanga kahawa Jumapili
hadi jirani wa juu anagonga bomba
akidhani tunaungua.

Asubuhi ya kwanza nikatia chumvi kwenye chai.
Kopo lilelile la bluu, palepale dirishani,
miaka miwili limekuwa la sukari.
Nikainywa. Yote.
Mgeni hasusi, na sikujua bado
kati yetu watatu mgeni ni yupi.

Nikashuka sokoni Kangemi
kwa miguu iliyosahau mteremko.
Matope yalinitambua kabla ya watu.
Sukuma inakatwa nyembamba kama nywele,
visu vinakwenda, macho yako kwingine,
fungu la parachichi limepungua tunda moja
na bei haijui lolote.
"Naomba nyanya," nikasema,
ikasikika hadi kwa wauza ndizi.
"Huku hatuombi, tunanunua!" kijana wa karoti akacheka.
Kweli. Miezi miwili nimekuwa wa shikamoo, wa hodi, wa naomba;
sasa niukunje ulimi ule kama kanga ya harusi,
niutoe huu wa "nipe ya hamsini".

Mama Gathoni hakucheka. Alinitazama
kama mtu anayesoma mita ya stima.
"Mtanzania. Una arobaini yangu.
Tangu Novemba. Vitunguu na dania."

Jamani.
Soko zima hili, mvua zimenyesha, watoto wamezaliwa,
mzee wa maembe amekufa
(niliambiwa hapohapo, viazi vikiwa kwenye mizani),
na mwanamke huyu amenihifadhi kichwani
kwa vitunguu na dania.
Nyumbani walinililia stendi. Hapa nilidaiwa.
Sijui kwa nini ni hili la pili lililonitoa machozi.

Dawa ya deni kulipa, tumefunzwa.
Nilikuwa na noti ya mia mfukoni.
Nikampa thelathini.
"Kumi nitaleta."
"Utaleta," akasema, akanitupia nyanya ya nyongeza, iliyobonyea.

Usiku wa Jumanne, saa nane, bomba likakohoa.
"Maji!" Nkatha, mlango hadi mlango,
tukatoka sote kwa soksi na vilemba vya kulalia,
ndoo, sufuria, beseni alilosahau Zipora,
madumu yakipokezana gizani
maana Nkatha, hata saa hiyo, alikuwa amezima taa.
Lemlem aliteleza, akatukana kwa Kitigrinya,
Nkatha akajibu kwa Kimeru, mimi kwa Kingoni,
na naamini tulisema jambo moja.

Tulipomaliza hapakuwa na usingizi wa kurudia.
Nikakaanga usipa. Lemlem akaziba pua,
akaonja mmoja, akasogeza sahani.
Nkatha akafungua kopo la bluu,
akasita na kijiko hewani:
"Kwani wewe chumvi ulizoea ikae wapi?"

Iache hapohapo, nikasema.
Mkono utajifunza.